Mchomoa plagi wa Nishijin na pasi iliyogoma kupoa

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Orie Shigeno anasimama mbele ya mlango wa nyumba isiyo na mtu. Anainamisha kichwa kidogo, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, kisha anasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi. Naingia."

Hakuna anayemjibu, naye hategemei jibu. Anausukuma mlango pembeni, anavua viatu na kuvigeuza vielekee nje. Anapiga hatua moja ndani na kusimama bila kugusa kitu. Anafumba macho. Anavuta hewa kwa pua, polepole, mara mbili.

"Pua kwanza," ananong'ona, ingawa hakuna wa kumwamsha. "Macho yanakimbilia unachotaka kukiona. Nyumba ikiwa na kitu cha moto, hewa yake inakuwa nzito kidogo hapa." Anagusa juu ya mdomo wake.

Nyumba hii ya mbao, katika uchochoro mmoja wa Nishijin mjini Kyoto, ni ya mume na mke ambao wote ni walimu. Hawarudi hadi jioni. Jikoni Bi Orie anachomoa birika la umeme, kioka mkate na oveni ndogo. Jiko la wali analiacha, kwa sababu kadi iliyobandikwa ukutani inasema wali wa chakula cha jioni uko ndani. Anapanda ngazi zinazolia chini ya miguu yake. Draya ya nywele. Chaja mbili. Pasi.

Pasi imesimama wima juu ya meza yake, uso kuelekea mlangoni. Bi Orie anaisogelea kutoka ubavuni na kuigusa kwa mgongo wa mkono.

"Kiganja changu kimeungua miaka thelathini na moja, hakina habari tena," anasema. "Mgongo wa mkono bado unasema kweli."

Ni baridi. Anaandika kwenye kadi ndogo, "Pasi baridi. Vyote nje. Jiko la wali limeachwa." Anaiweka kadi mezani, anashuka, anavaa viatu, na kabla ya kufunga anaiinamia nyumba tupu na kuiomba radhi kwa usumbufu.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ana umri wa miaka sitini na tatu, na kwenye mkoba wa kitambaa alioufunga kiunoni ana funguo arobaini na tisa za nyumba za watu. Wengine anawapitia kila siku, wengine wakisafiri tu, na wengine humpigia simu wakiwa ndani ya treni, sauti zikitetemeka: Orie-san, sikumbuki kama nimechomoa pasi.

"Wanajua karibu kila kitu kuhusu asubuhi yao," anasema. "Wanakumbuka walivaa soksi gani. Lakini ile plagi, kumbukumbu imetoboka pale pale."

Hulipwa yeni mia nne kwa nyumba kwa kila anapopita. Mwezi mzuri humpa kama yeni laki moja na elfu kumi, ukichanganya na pensheni ndogo ya karakana. Kodi ya chumba chake inakula zaidi ya theluthi ya hiyo.

Uchochoroni wanamwita Bi Chomoa. Bwana Emori, anayeuza tofu, ile jibini laini ya soya, hapo kona, hamwachi apite hivi hivi.

"Bi Chomoa, nyumbani kwangu huji?"

"Kuna nini cha kuchomoa?"

"Mke wangu. Ameshikana na simu tangu saa tatu."

"Huyo ana betri, Emori-san. Ukichomoa, anaendelea."

Emori anacheka mpaka maji ya tofu yanamwagika. Lakini ufunguo wake hajampa. Alimpa zamani, kisha mwezi wa tatu mwaka huu akaja kuuchukua, kwa adabu, na mfuko wa tofu za bure mkononi. Funguo zilikuwa hamsini na mbili. Tatu zilirudi kwa wenyewe baada ya mambo yaliyotokea nyumbani kwa Bi Kinu, ambako mwanamke wa miaka themanini na sita nusura ahamishwe kutoka nyumba alimozaliwa, kwa kosa ambalo kila mtu aliamini ni lake.

Bi Orie hakuzaliwa na kazi hii, na wala haikuwepo kabla yake. Alikuwa mpiga pasi katika karakana ya kimono. Miaka kumi na moja iliyopita, saa nne asubuhi, mwenzake aliyekaa naye meza moja, Fumi, alisimamisha mkono ghafla na kumuuliza, "Hivi asubuhi nilichomoa pasi?"

"Umechomoa," Bi Orie akamjibu bila kuinua macho. "Kila siku unachomoa."

Saa sita kasorobo zikasikika ving'ora. Nyumba mbili ziliteketea. Hakufa mtu, maana hakukuwa na mtu ndani. Walipofika, paa lilikuwa limeshaanguka, na katikati ya jivu, mahali palipokuwa chumba cha Fumi, pasi ilikuwa imesimama wima.

"Kila kitu kilikuwa kimelala isipokuwa yenyewe," anasema. "Ilionekana kama inatusubiri."

Fumi alihama mji bila kumlaumu, na hajawahi kumwandikia. Tangu siku hiyo Bi Orie hajamwambia mtu yeyote "umechomoa" bila kwenda kuangalia. Mwanzoni alikwenda kwa majirani wawili, kwa hiari. Karakana ilipofungwa, wakawa ishirini. Alijifunza kwa kusoma vijitabu vya zimamoto na kwa kuharibu redio za zamani. Akajiwekea masharti: haondoi kitu chochote ndani ya nyumba ya mtu, hata kiberiti; anaandika anachokiona, si anachokifikiri; na anachomoa vyote isipokuwa friji na kile alichoandikiwa akiache.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Bi Kinu Hirooka anaishi katika nyumba ya sita kati ya tisa zilizobanana ukuta kwa ukuta. Moja ikishika moto, hizo nyingine hazina mjadala. Mbele ya kila mlango kuna ndoo nyekundu iliyojaa maji, na jikoni kwa kila mtu kuna karatasi ya kinga ya moto iliyoletwa kutoka hekalu la mlima Atago. Ndani ya nyumba hiyo, katika chumba cha nyuma, Bi Kinu na dada yake mkubwa, Sae, walishona kimono pamoja kwa miaka hamsini.

Sae alifariki miaka minne iliyopita. Pasi yake ya kushonea bado iko. Ni ndogo, nyembamba kama upawa wa wali, ina mpini mrefu wa mbao na waya wa kahawia uliovishwa kitambaa. Haina swichi wala taa. Ukichomeka, inawaka, ukichomoa, inapoa. Imewekwa juu ya kigae chake mbele ya madhabahu ya nyumbani, chini ya kibao chenye jina la marehemu, kama wengine wanavyoweka miwani ya baba.

Mwishoni mwa Januari Bi Kinu alijaribu kunyoosha ukosi wa zamani kwa pasi hiyo, akapitiwa na usingizi. Mto wa kukalia ukaungua shimo la ukubwa wa sahani. Mwanawe wa pekee, Masanobu, fundi wa meno huko Nagoya, alikuja siku ya pili yake. Alikuwa ameshatafuta chumba kwenye makao ya wazee karibu na kwake, na chumba hicho kingeshikiliwa kwa jina la mama yake hadi tarehe ishirini na nane Februari.

"Mama, sikufukuzi," alimwambia. "Nataka tu nilale usingizi."

"Lala. Nani amekuzuia?"

"Nyumba tisa, mama. Kuna watoto nyumba ya nne."

Watoto wa nyumba ya nne Bi Kinu anawapenda. Wakakubaliana: Bi Orie atapita kila siku na kuandika kadi. Mwisho wa mwezi Masanobu angezisoma zote mbele ya mama yake. Pasi ikiwa baridi siku zote, mama anabaki. La sivyo, chumba cha Nagoya kipo.

Bi Orie alianza Jumatatu, tarehe kumi. Alipiga magoti nyuma ya kabati la droo, mahali ekstensheni ilipolala gizani, akachomoa kila kilichokuwamo. Aliandika, "Pasi baridi. Vyote nje."

Jumanne saa nane mchana, alipofungua mlango wa chumba cha nyuma, hakuhitaji kugusa. Hewa ilikuwa nzito juu ya mdomo wake. Pasi ilikuwa juu ya kigae chake, kimya, na ilikuwa ya moto mkali.

"Bi Kinu, umegusa pasi leo?"

"Kwa mikono hii?" Bi Kinu alimnyooshea vidole vilivyokunjamana kwa baridi yabisi. "Hata vijiti vya kulia vinanitoroka."

"Kuna mtu amekuja?"

"Mtu gani atakuja? Umekuja wewe."

Aliandika, "Pasi ya moto." Aliichomoa, akaona kwa macho yake plagi imelala sakafuni, akaondoka. Jumatano, moto. Akaamua kupita mara mbili. Alhamisi saa nne asubuhi, moto, akachomoa, saa nane mchana, baridi. Ijumaa vivyo hivyo. Chochote kilichokuwa kinatokea, kilitokea kabla ya saa nne asubuhi, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa komeo, yenye kikongwe mmoja mwenye mtoto wa jicho.

Kila kadi aliyoiweka juu ya kabati alijua inakokwenda. "Nilikuwa namfungashia mizigo," anasema, "kadi moja moja."

Jumamosi alileta koleo. "Niruhusu nikate plagi yake tu. Pasi yenyewe itabaki pale pale."

"Utamkata dada mkono?" aliuliza Bi Kinu.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei. Koleo ikarudi mkobani.

"Basi niambie ni nani anayeichomeka."

"Unajua ni nani."

Bi Orie alifunga mkoba wake.

"Nasikia harufu yake kila asubuhi nikinywa chai," Bi Kinu akaendelea. "Pasi ikipita juu ya hariri yenye unyevu. Miaka hamsini niliamka na harufu hiyo. Alipokufa ikakatika. Sasa imerudi. Unataka niilalamikie?"

Bi Orie si mtu wa kucheka maneno ya mwenzake. Alikwenda kukagua madirisha. Alikagua komeo la nyuma na matundu ya ukuta wa udongo. Kisha akachukua uzi mweupe wa hariri kwenye kikapu cha ushonaji na kuufunga chini kabisa ya mlango wa chumba cha nyuma, kutoka nguzo hadi nguzo, ili ajue kama kuna anayepita.

Jumapili asubuhi pasi ilikuwa ya moto. Uzi haukuwa mlangoni. Ulikuwa juu ya kigae, kando ya pasi, umekunjwa kwa umbo la nane na kufungwa kiunoni, jinsi washonaji wanavyohifadhi mabaki ya hariri.

"Ni wewe umeukunja, Bi Kinu?"

Bi Kinu aliuchukua, akausogeza karibu na jicho lake zima kidogo, akaugeuzageuza. "Kwa vidole hivi?" alisema. "Huu mkunjo ni wake. Alikuwa anafunga mara mbili. Mimi nafunga mara moja."

Bi Orie aliandika kadi yake. Kadi hiyo bado anayo.

Ni Bi Kinu mwenyewe aliyetoa wazo, Jumatatu yake. "Njoo mapema kesho kutwa," alimwambia. "Kabla sijaamka. Tukae wote, tumsubiri. Kama ni yeye, nawe umwone. Halafu umwandikie mwanangu umeona nini."

Kwa hiyo Jumatano, tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanawake wawili walikaa chumba cha nyuma wamejifunika blanketi moja. Bi Orie alikuwa amekagua: plagi zote nje, zimelala nyuma ya kabati. Pasi baridi. Hakuwasha taa ya dari. Mwanga ulikuwa ule wa theluji ya uani, unaopenya karatasi za mlango bila kuangazia kitu.

"Alikuwa anakaa hapo ulipokaa," alisema Bi Kinu.

"Nisogee?"

"Kaa. Hana makuu."

Walisubiri. Mbao za nyumba zilikuwa zikilia moja moja, kama zinavyolia baridi ikikaza. Wakati mmoja Bi Orie aliamini kabisa kwamba kuna mtu wa tatu anayepumua, mpaka alipozuia pumzi yake mwenyewe na kugundua kwamba sauti imekoma. Hata leo hana uhakika kama ilikoma papo hapo.

Ilipogonga saa kumi na mbili, Bi Kinu alijiinua. "Tumsubiri, lakini kwanza nimpe taa yake. Sijawahi kumwacha gizani hata siku moja."

Alitambaa hadi kwenye madhabahu na kubonyeza kitufe cha taa ndogo ya umeme iliyo pembeni ya kibao, ile yenye umbo la mshumaa. Masanobu ndiye aliyeinunua miaka minne iliyopita, kwa kuogopa mishumaa ya kweli. Haikuwaka.

"Ona," alisema Bi Kinu, bila mshangao. "Siku hizi kila asubuhi imekufa."

Akajilaza ubavu, akapeleka mkono nyuma ya kabati, mpaka begani. Alipapasa. Alipata plagi, akaisukuma kwenye tundu kwa kiganja, kwa kuwa vidole havikuweza. Taa haikuwaka. Akapapasa tena, akapata plagi nyingine, akaisukuma nayo. Taa ikawaka, njano, ndogo, na jina la Sae likaonekana kwenye kibao.

Bi Kinu akapiga kengele, akafumba mikono.

Nyaya zote mbili zilikuwa za kahawia. Zote zilikuwa na plagi nyeusi za umbo moja. Ile ya kwanza haikuchomolewa.

Bi Orie alikaa bila kusogea. Baada ya muda ikaja harufu ya chuma kinachopata joto na vumbi jepesi la hariri. Bi Kinu aliinua uso, macho yamefumba, akitabasamu.

"Umesikia?" alinong'ona. "Amefika."

"Bi Kinu," alisema Bi Orie, "hii taa ilianza lini kuzimika?"

"Mwezi huu huu. Tangu tarehe kumi na moja hivi."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo miaka minne haikunisumbua hata siku moja. Nabonyeza, inawaka. Nani achomoe taa ya marehemu?"

Bi Orie akahesabu siku. Tarehe kumi ndiyo siku aliyopiga magoti nyuma ya kabati na kuchomoa vyote. Kila alipokuja aliiua taa ya Sae, na kila alfajiri mdogo wake aliifufua kwa kupapasa, na pamoja nayo akaifufua pasi. Bibi alikuwa anasema kweli tangu mwanzo. Pasi hakuigusa.

"Ni mimi," alimwambia. Alimweleza taratibu, akamshika mkono na kumpapasisha waya mmoja hadi kwenye taa, na waya wa pili hadi kwenye pasi, ambayo tayari ilikuwa haishikiki.

Bi Kinu aliuachia waya, akapangusa kiganja kwenye blanketi.

"Kwa hiyo siye yeye," alisema.

"Mimi nimeona plagi tu," alijibu Bi Orie. "Zaidi ya hapo sikuona."

"Na uzi?"

"Uzi sijui."

Bi Kinu aliitazama taa, au upande ule ilipokuwa. Kisha akasema, "Leta ile koleo."

"Si lazima leo."

"Leta. Kama alikuwa anakuja kwa umeme, basi hakuwa dada yangu. Na kama ni dada yangu, hana haja ya plagi."

Bi Orie alikata. Kwa kuwa haondoi kitu kwenye nyumba ya mtu, plagi aliiweka mbele ya kibao, kando ya pasi.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu Masanobu kliniki kwake. "Mama yako hakusahau chochote," alimwambia. "Aliyesahau ni mimi. Nilizima taa ya marehemu siku tisa mfululizo bila kuuliza ilikuwa ya nini."

Nyuma ya Masanobu ilisikika mashine ya meno ikizunguka. "Una maana pasi ilikuwa inawaka kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Na mimi nakulipa?"

"Siku hizo nitakurudishia."

"Sikusema hivyo, Orie-san," alisema. "Nilikuwa nimeshamnunulia godoro."

Alikuja Jumapili, alfajiri, bila kumwambia mtu. Alikaa chumba cha nyuma na kumtazama mama yake akipapasa, akibonyeza, akifumba mikono. Aliporudi Nagoya alikiachia chumba, zikiwa zimebaki siku tano. Alimlipa fundi umeme yeni elfu kumi na nane aweke soketi mpya ukutani, ya taa peke yake, mahali mama anapofikia bila kulala ubavu. Ekstensheni ya zamani ilitupwa. Tundu moja ndani yake lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

Lile tundu jeusi ndilo linalomnyima raha Bi Orie sasa. Alirudi katika nyumba zake zote na kuwaambia wenyewe, mmoja mmoja, alichokifanya kwa Bi Kinu. Hapo ndipo funguo tatu zilipoondoka.

"Siwalaumu," anasema. "Mimi mwenyewe ningefikiri mara mbili."

Waliobaki aliwaomba ruhusa ya kuangalia nyuma ya madhabahu, mahali ambapo mkono wake haukuwahi kufika. Nyumba kumi na tisa zilikuwa na taa ya marehemu ya umeme. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuichomoa, wengine kwa miaka ishirini; wanaona ni kumfungia mzee mlango usoni. Vumbi la ubani lilikuwa limejaa kati ya plagi na ukuta. Katika nyumba saba kati ya hizo, miguu ya plagi ilikuwa imezungukwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagika. Vumbi likipata unyevu, umeme hupita juu yake na kuliunguza kidogo kidogo, bila moshi, bila harufu, mpaka siku yake.

"Watu walizima mishumaa kwa kuogopa moto," anasema, "kisha wakaupeleka moto nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna mtu anatazama isipokuwa wao." Hasemi "wao" ni akina nani.

Plagi alizifuta zote na kuzibadilisha zilizoungua. Lakini soketi za ukutani haruhusiwi kuzigusa. Sheria inataka leseni. Wazee wengi wanasema elfu kumi na nane ni nyingi kwa taa isiyomsumbua mtu. Kwa hiyo Bi Orie, ambaye shule aliiacha na miaka kumi na tano, amejiandikisha kwa mtihani wa fundi umeme daraja la pili. Wa kuandika ni mwishoni mwa Mei. Wa vitendo ni Julai: unapewa mchoro, nyaya na dakika arobaini. Akifaulu, atatoza gharama ya soketi tu.

"Nikifeli, Oktoba kuna mwingine," anasema. "Wale kumi na tisa wamesubiri miaka ishirini. Ila doa la kahawia sijui linasubiri mpaka lini."

Mazoezi anafanyia kwa Bi Kinu, akimaliza mzunguko wake wa mchana, kwenye chumba cha nyuma ambako mwanga wa uani ni mzuri. Anatandaza gazeti sakafuni, anapanga nyaya kwa rangi. Bi Kinu anakaa ukutani na saa ya kengele mapajani, akiishika karibu na jicho.

Leo anamenya waya vibaya, shaba inakatika, anaanza upya. Jasho linamdondoka puani.

"Harufu haijarudi tena?" anamuuliza Bi Kinu bila kuinua macho.

"Ilirudi Jumapili moja."

Mikono ya Bi Orie inasimama. "Hukuniambia."

"Ningekwambia ungeanza kunusa kuta."

Bi Orie anaigeukia pasi juu ya kigae chake, na waya wake mfupi usio na plagi. Ananyoosha mgongo wa mkono, anaugusisha hapo, anaurudisha. Hasemi alichokisikia. Anakaza skrubu ya mwisho na kuweka bisibisi chini.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Jana zilikuwa hamsini na mbili."

"Mtihani ni arobaini," anasema Bi Kinu, akiirudisha saa ya kengele mwanzo kwa upande wa kiganja. "Kunjua, uanze tena. Mimi siendi popote."